Kiyoyozi Kisichomhitaji Auma

Kila mwaka, Krismasi ikishapita na mvua za vuli zikikatika, Auma alianza kuishi kama mtu aliyefungwa kamba mguuni. Ukimwalika harusi ya Januari, zawadi ilifika kwa mkono wa mtu mwingine. Kukiwa na matanga Februari, alituma mchango na salamu za pole. Wengine walimwona mwenye maringo. Kisha mvua za Aprili zilipoanza kunyesha, Auma alionekana tena, kanisani, sokoni, kwenye chama, akicheka kwa sauti kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Sababu ilikuwa mumewe, Tobias.

Zamani, walipokuwa bado vijana, Tobias alikuwa na kibanda cha mandazi huko Makongeni, Thika. Mandazi yake yalikuwa na iliki, na wafanyakazi wa viwandani waliyamaliza kabla jua halijapanda. Asubuhi moja karai la mafuta lilishika moto. Tobias alijaribu kuliondoa jikoni ili kibanda kisiungue, mafuta yakamwagika, na shati lake la nailoni likashika moto likagandamana na mwili. Alilala hospitalini muda mrefu. Madaktari walichuna ngozi kutoka mapajani mwake wakampandikiza kifuani, mgongoni na mikononi. Akapona, ila vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vikabaki hivyo, kama vinavyoshika kitu kisichoonekana.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alimvuta Auma kando.

"Mama, hii ngozi tumemwekea haina vinyweleo vya jasho," alisema. "Wewe na mimi tukishikwa na joto tunatoa jasho, mwili unapoa. Yeye joto litabaki ndani. Usimwache peke yake kukiwa na joto kali."

Auma alilishika neno hilo kama watu wanavyoshika kiapo. Alikuwa fundi wa nguo, na tangu siku hiyo cherehani yake ilitoka mjini ikaingia nyumbani. Miezi ya joto alishona sare za shule huku sikio moja likiwa kwa mumewe. Jua lilipokaza, aliacha mshono katikati, akachovya shuka kwenye beseni, akaikamua na kumfunika Tobias mgongoni. Shuka ikikauka, anachovya tena. Hakuwahi kunung'unika. Tobias naye hakuwahi kuzungumzia jambo hilo. Alivaa mikono mirefu, akafunga vifungo hadi shingoni, na mtu asiyejua angemdhani mzee wa kanisa anayependa unadhifu.

Walipokuwa Thika mambo yaliwezekana. Walikuwa wamepanga nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, sakafu ya simiti baridi kama mtungi. Jua likiwa kali, Tobias alilala chini kwenye sakafu na alasiri ikapita. Halafu mwenye nyumba akauza, nyumba ikabomolewa ijengwe ghorofa, na binti yao Mitchell, ambaye ni mwalimu Juja, akawatafutia nyumba Ruiru. Ilikuwa nyumba nzuri: maji kila siku, kanisa karibu, majirani watulivu. Ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Walihamia Juni, watu wakiwa wamevaa makoti na kuvuta kamasi, na hakuna aliyewaza habari ya joto.

Januari ilipofika ndipo walipojua kwamba wanaishi chini ya kikaango. Zege la paa lilikunywa jua mchana kutwa, na jioni lililitema lote ndani ya nyumba. Beseni moja likawa mawili. Mwaka huo ndio kaka yake Auma alipofariki huko nyumbani, Ugunja. Alizikwa Februari. Auma alitazama mazishi kwa simu, picha ikikwama na kurudi, akasikia wimbo wa mwisho ukikatika kabla haujaisha. Alipozima simu alikwenda bafuni akajaza beseni.

Mwaka uliofuata ndio uliomtisha zaidi. Alikuwa amepeleka sare kwa mteja huko Kamakis, safari ya kwenda na kurudi mara moja, lakini barabara ilifungwa kwa ajali na akachelewa. Alipopanda ngazi alimkuta jirani yake Wavinya mlangoni, amevua viatu, anamwagia Tobias maji kwa sufuria.

"Nimesikia akiongea peke yake," Wavinya alisema bila kuacha kumwagia. "Ananiita mama yake. Auma, mwili ni moto kama pasi!"

Tobias alikuwa sakafuni, macho yamezama, ngozi kavu kabisa. Walimpeleka hospitalini, akawekewa maji, akatulia. Kesho yake alikuwa akiuliza matokeo ya mpira. Auma ndiye hakutulia. Aliwaambia wateja wote kwamba kuanzia sasa wachukue nguo wenyewe.

Mitchell alipopata habari alikuja mbio kutoka Juja na feni ya maji mgongoni mwa bodaboda, ile inayopuliza hewa kupitia sifongo lililolowa. Ilisaidia. Chumba kilipoa kidogo, Tobias akaipenda. Lakini tangi lake lilikuwa dogo, na jua likiwa kali lilikauka upesi. Kulijaza kulitaka kuchomoa tangi, kulibeba hadi bombani na kulirudisha bila kumwaga. Tobias alijaribu mara moja kwa vidole vyake vilivyokunjika. Tangi likamponyoka, sebule nzima ikawa bwawa.

"Imenipunguzia kazi," Auma alimwambia binti yake huku akipiga deki. "Lakini bado niko hapa hapa."

"Mum, kwani ulitaka kwenda wapi?" Mitchell aliuliza, bila ubaya wowote.

Auma alikamua tambara la deki. Siku chache baadaye mama yake, bibi Apiyo wa Ugunja, alipiga simu. Alikuwa mzee sana sasa, na simu alishikiwa na wajukuu.

"Auma, nyathina, mwanangu," alisema mama, kwa Kijaluo chake cha taratibu. "Mimi silii. Nauliza tu. Kwa nini unanitembelea wakati wa mvua peke yake? Mvua ikinyesha mimi nalala, miguu inauma. Nataka kukuona jua likiwaka, tukae nje tuongee."

Auma alisema atajaribu. Baada ya kukata simu alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Tobias alimtazama kutoka kwenye kiti.

"Amesema nini?"

"Amesema nimtembelee."

Tobias aliitazama feni ya maji. Kisha akasema, "Twende tununue AC. Ile ya ukweli."

Pesa zilipatikana kwa Mitchell na kwa akiba ya cherehani. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua. Asubuhi moja ya mawingu, mume na mke walikwenda Thika mjini wakaingia duka la vifaa vya stima. Kijana wa mauzo aliwapokea vizuri, akawaonyesha mtambo mweupe wenye magurudumu na bomba nene kama mkonga wa ndovu.

"Hii ndio watu wanachukua, mathe. Hakuna kutoboa ukuta. Unaweka tu hii bomba kwa dirisha, unawasha, baridi inakuja."

"Kwa hivyo dirisha linabaki wazi?"

"Kidogo tu."

"Na hewa moto ya nje?"

Kijana alikuna kichwa. Aliuwasha mtambo ili wasikie. Ulinguruma kama lori linalopanda mlima, na Tobias akatikisa kichwa, mpira hautasikika. Kisha kijana akaeleza kwamba maji hukusanyika chini, na kuna kizibo cha kufungua ili yamwagike.

"Nani atayamwaga?" Auma aliuliza.

"Ni wewe, mathe. Ama mtu yeyote kwa nyumba."

Auma alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kijana wangu, mimi nataka yenye hainihitaji. Niende safari, nirudi, nipate huyu mzee anapumua. Hiyo mko nayo?"

Kijana alimtazama Tobias, akamtazama Auma, akaacha maneno ya biashara. Aliwapeleka nyuma ya duka, kwenye vile vya vipande viwili: kimoja kinafungwa ukutani ndani, kingine kinakaa nje, na maji yanatoka yenyewe kwa bomba jembamba. Vilikuwa vya aina nyingi, na vyote mbele ya macho ya Auma vilifanana kama magunia ya chokaa. Basi akaomba rimoti. Moja moja alizitia mkononi mwa Tobias.

"Bonyeza, Baba Mitchell."

Rimoti ya kwanza ilikuwa na vitufe vidogo kama mbegu za mtama. Kidole kilibonyeza viwili kwa pamoja. Ya pili ilikuwa na kifuniko cha kutelezesha, ikamshinda. Nyingine ilikuwa na vitufe vinne tu, vikubwa, vya mpira. Tobias aliiegemeza kwenye paja, akabonyeza kwa kifundo cha kidole kilichokunjika. Mashine ya maonyesho ukutani ikalia *ting* na kufungua mdomo.

"Aah," alisema Tobias. Akaizima. Akaiwasha tena, bila mtu kumwambia.

Hawakununua siku hiyo. Wavinya alikuwa amewaambia wasilipe chochote kabla hawajaonana na Muasya, jamaa yake aliyekuwa fundi wa friji na viyoyozi hapo Ruiru. Walipokuwa wakisubiri gari la kurudi, Tobias alizungumza akiangalia barabara.

"Kwa hivyo ukishapata hiyo mashine, utaenda?"

"Nitaenda."

"Na utarudi?"

Auma alidhani ni mzaha, akageuka acheke. Tobias hakuwa anacheka. Alikuwa amekaza macho kwenye malori yanayopita.

"Niliolewa na wewe, Baba Mitchell," Auma alisema. "Sikuolewa na beseni."

Tobias aliitikia kwa kichwa, na baadaye, garini, akaweka mkono wake uliokunjika juu ya mkoba wa mkewe, akauacha hapo hadi Ruiru.

Muasya alikuja Jumamosi, mtu mrefu asiye na haraka. Alipima kuta, akagusa dari kwa kiganja, akauliza jua linaingia upande gani, milango ni mingapi, jikoni wanatumia gesi au makaa. Auma alimwambia wachukue kubwa kabisa ili wasipate shida.

"Hapana, mama," alisema Muasya. "Kubwa kuliko chumba itapoesha haraka, izime, iwake, izime. Chumba kitakuwa baridi lakini na unyevu, na bili ya stima itakuliza. Tuchukue ya kadiri, ya inverta, ile inapunguza nguvu pole pole badala ya kuzimazima. Swali ni moja tu: mnaiweka wapi?"

"Chumba cha kulala," Auma alisema.

"Sebuleni," Tobias alisema, wakati huo huo.

Walitazamana. Auma alikuwa amefikiria sana: chumba cha kulala ni kidogo, kina mlango, baridi haitoroki. Tobias atalala alasiri na joto litapita.

"Sitaki kufungiwa chumbani kama maziwa kwa friji," alisema Tobias. "Huu mwaka wa ngapi nalala chini jua likiwaka? Nataka kukaa. Nataka mtu akija anikute nimekaa kwa kiti changu."

Auma aligeuka akakitazama kile kiti. Katika miaka yote ya mashuka, hakuwahi kumuuliza angependa kukaa wapi. Sebule ilikuwa na upenyo mpana wa kwenda jikoni na ukumbi, bila mlango. Akaupima kwa macho, kama anavyopima mabega ya mteja.

"Nitashona pazia zito la kuziba hapo," alisema. "Muasya, hewa itatosha?"

"Likifika chini kabisa, itatosha."

Kilichobaki ni mwenye nyumba, mzee Githae. Alikuja mwenyewe aliposikia habari ya kutobolewa ukuta. Alipofika ghorofa ya juu alikuwa anatweta, jasho likimtiririka kutoka kwenye kofia hadi kwenye kola.

"Haiya, Mama Mitchell!" alisema hata kabla ya kuketi. "AC hapa Ruiru? Hii si Mombasa! Fungueni madirisha, upepo uingie. Na mimi waya zangu hazikuwekwa za mambo makubwa. Nikiruhusu mmoja, kesho kila mtu anatoboa."

Auma alianza kueleza. Alikuwa na maelezo tayari, ameyafanyia mazoezi. Lakini Tobias aliinuka kwenye kiti, akaja akasimama mbele ya mzee Githae, na kwa mkono wake mzuri akaanza kufungua vifungo. Cha shingoni. Cha pili. Cha tatu. Auma aliganda. Hata Wavinya, aliyemmwagia maji, hakuwa ameona kifua kile mchana peupe kwa ruhusa ya mwenyewe.

"Mzee, leta mkono," alisema Tobias. "Shika hapa."

Githae aliweka kiganja chake chenye jasho juu ya ngozi ile iliyokunjamana, inayong'aa kama karatasi ya nailoni. Ilikuwa kavu kama ukuta, na moto.

"Wewe umepanda ngazi, umeloa," Tobias alisema. "Hiyo ni baraka. Mimi hata nikimbie mpaka Thika sitatoa tone. Mwezi jana nilitaka kufa kwa hii nyumba yako."

"Ngai, Mungu wangu," Githae alisema kwa sauti ndogo. Hakuondoa mkono upesi. Alipouondoa, alivua kofia akajifuta uso, akaketi. Aliomba maji, akayanywa yote.

"Huyo fundi wenu anajua kazi?"

"Anajua. Atavuta waya yake peke yake kutoka kwa mita," Auma alisema.

"Basi atoboe. Lakini ile ya nje aweke juu ya paa karibu na matangi, isining'inie kwa ukuta wangu wa mbele." Alifika mlangoni akageuka. "Na Baba Mitchell, si ungesema mapema? Nyumba ya chini ilikuwa wazi mwaka jana."

Tobias alikuwa anafunga vifungo. "Sikuwa najua kusema," alijibu.

Muasya alifanya kazi mchana kutwa na vumbi la mawe likajaa kwenye kila kikombe. Alasiri akampa Tobias rimoti yenye vitufe vinne. Tobias akaiegemeza kwenye paja na kubonyeza. *Ting*. Mdomo ukafunguka, na baada ya muda mfupi hewa baridi, safi, ikashuka polepole hadi magotini mwao. Pazia jipya la Auma lilitikisika kidogo likatulia. Auma alikwenda kuweka kiganja mgongoni kwa mumewe, kama alivyozoea, akangoja joto lipande. Halikupanda. Alingoja tena. Kisha akakaa kwenye kochi, akajiruhusu kulia, pale pale, mbele ya fundi.

"Mama, iko na shida?" Muasya aliuliza.

"Haina. Haina shida yoyote."

Mwisho wa Februari alipanda basi la Ugunja. Alikuta mama yake amewekewa kiti nje, kivulini kwa ukuta wa jiko, amevaa kitambaa kipya. Walizungumza hadi koo zikakauka. Walimzungumzia kaka aliyezikwa; Auma alipelekwa kaburini akakaa, akaimba ule wimbo wa mwisho hadi mwisho wake.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, Wavinya alituma ujumbe: stima imepotea Ruiru yote, na yeye yuko kazini, hawezi kurudi nyumbani. Auma alipiga simu kwa Tobias. Haikushikwa. Akapiga tena. Akampigia Mitchell, naye yuko darasani. Aliinuka, akazunguka boma, akaanza kuuliza basi la mwisho linaondoka lini. Mama yake alimtazama tu, mikono mapajani.

Simu ikalia.

"Unanisumbua nikicheza," alisema Tobias. Nyuma yake kulikuwa na vicheko na mlio wa vizibo vya soda vikigongwa ubaoni.

"Uko wapi? Stima imepotea!"

"Najua imepotea. Nililowesha shuka nikajifunga, nikashuka ngazi pole pole. Niko huku chini kwa korido, kuna simiti baridi. Kaleli, mlinzi wa geti, amenishinda drafti mara mbili, sasa nataka kulipiza."

"Shuka umelowesha mwenyewe? Na hiyo mikono?"

"Sikukamua. Nimeivaa na maji yake yote, ngazi imeloa, Githae atanifukuza. Mama Mitchell, kwani ulidhani nitakaa pale juu nikusubiri?"

Ndivyo hasa alivyodhani. Alivuta pumzi, akaitoa yote, hata mama yake akaisikia. Mezani kule Ruiru mtu alipiga kelele, Tobias akasema "Ngoja, ngoja, hiyo si halali," na simu ikakatika.

Auma alirudi kukaa kando ya mama yake. Jua lilikuwa kali, panzi wakilia nyasini, na kivuli cha jiko kilikuwa kimefika kwenye vidole vya miguu yao.

"Mzima?" mama aliuliza.

"Mzima. Anacheza drafti."

"Basi unaondoka lini?"

Auma alikuwa amepanga kuondoka kesho. Alinyoosha miguu, akavua viatu, akavisukuma kando.

"Jumapili," alisema. "Ama Jumatatu. Tutaona."